Mazungumzo ya njia za kale yatoke mezani yaende njiani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye, katika toleo la wiki mbili zilizopita, aliandika kwamba chama chetu cha wapenda historia hapa Lindi ni kikundi cha wastaafu wanaokutana kula wali na samaki kwa kisingizio cha kusikiliza mihadhara. Mimi ni mmoja wa wastaafu hao. Nilifundisha somo la historia katika shule za sekondari za Lindi na Mtwara kwa miaka 32, na tangu chama hiki kianze nimehudhuria karibu mikutano yake yote. Barua ya mwenzangu iliniuma, lakini nilipoisoma mara ya tatu niliona kwamba ndani yake mna lawama moja ya haki, ambayo sisi wenyewe tulipaswa kuwa wa kwanza kuisema. Nitaifikia. Kwanza nieleze tunachokifanya, kwa kuwa naamini aliyeandika hajawahi kuketi nasi.

Hukutana Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya sala ya isha, katika ukumbi wa nyuma wa mgahawa mmoja wa hapa mjini. Kila mhudhuriaji hutoa shilingi 12,000. Tunakula kwanza, kisha mmoja wetu au mgeni wetu huzungumza kwa muda wa saa moja, na maswali yanayofuata mara nyingi huwa marefu kuliko mazungumzo yenyewe. Chakula hicho si kisingizio. Sisi watu wa kusini hatukuzoea kusimuliana mambo ya zamani tukiwa tumepangwa kwenye madawati. Babu na bibi zetu walisimulia baada ya mlo wa jioni, moto ukiwa bado haujazimika, na aliyekuwa na njaa alishibishwa kwanza ndipo akatakiwa asikilize. Kwenye meza yetu huketi karani wa zamani wa bandari, fundi seremala, muuguzi, katekista, mwalimu wa madrasa na vijana wawili watatu wa chuo, na sijui mahali pengine katika mji huu ambapo watu hao wangesikilizana kwa saa tatu pasipo mmoja kujiona mkubwa kwa mwenzake.

Mwaka huu tumeshika mada moja, nayo ni njia za kale zilizounganisha pwani yetu na bara: ile ya Kilwa Kivinje kwenda Ziwa Nyasa, ile ya Lindi kwenda Masasi na mbele yake, ile ya Mikindani kwenda mto Ruvuma, na ile fupi lakini ya ajabu iliyotoka kilima cha Tendaguru hadi forodha ya Lindi. Tuliichagua kwa sababu kila mmoja wetu amekanyaga kipande cha njia hizo bila kujua anakanyaga nini.

Chukua barabara ya Masasi. Anayesafiri leo kwa basi, akiiacha barabara ya pwani eneo la Mingoyo na kupita Mtama, Nyangao na Ndanda, hudhani kwamba njia hiyo ilibuniwa na wahandisi. Wahandisi waliikuta. Kushoto kwa msafiri ni nyanda za juu za Wamakonde, ambako maji ya mvua huzama mchangani yasionekane tena, kiasi kwamba kwa vizazi vingi wanawake wa huko wameshuka mabondeni kuchota na kupanda tena mtungi ukiwa kichwani. Na vichaka vyake vilikuwa vimefungamana hata mgeni asiweze kupenya bila kuongozwa na mwenyeji. Kulia kwake ni nyanda za Rondo. Katikati ya pande hizo mbili limelala bonde la mto Lukuledi, lenye maji, vijiji na chakula cha kununua, na ukifika mwisho wa bonde unaiona milima ya mawe ya Masasi, ambayo miguuni pake maji hupatikana hata miezi ya kiangazi. Mpagazi aliyebeba frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, hakutafuta njia fupi. Alitafuta maji ya jioni. Ukilielewa jambo hilo moja, historia ya mikoa hii huanza kujipanga yenyewe, kwa sababu kila aliyekuja baadaye, awe mfanyabiashara, mmisionari, mtoza kodi au jemadari, alilazimika kupita palepale mpagazi alipopita.

Ndiyo maana mwaka 1875 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, alitoka Lindi akafuata njia hizo mpaka Mwembe kwa Mataka, mtawala wa Wayao, na mwaka 1876 akarudi na watu walioachwa huru kutoka utumwani, waliotoka Unguja, wakaanzisha makazi yao Masasi. Ndiyo maana pia mwaka 1917, Vita Kuu ya Kwanza ilipotufikia, majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yaliangamizana kwa siku nne za Oktoba pale Mahiwa, jirani na Nyangao. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati. Palikuwa penye njia na penye maji. Waliobeba mizigo ya vita ile walikuwa wengi kuliko walioshika bunduki, na jina lao limebaki Dar es Salaam katika soko la Kariakoo, ambalo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Jioni tuliyozungumzia Mahiwa, muuguzi wetu aliuliza kwa nini mtoto wa Lindi akisikia neno Kariakoo huwaza nguo na viatu, wala hawazi mtu wa kijijini kwao aliyechukuliwa na asirudi. Hakuna aliyekuwa na jibu, na mimi niliyefundisha somo hili miaka yote hiyo nilijiuliza kama niliwahi kulisema darasani hata siku moja.

Mwezi uliofuata tuliongelea njia ya Mikindani. Wengi wanajua kwamba David Livingstone alishuka hapo Machi 1866 kuanza safari ambayo hakurudi kwao akiwa hai, na kwamba katika mji ule kuna nyumba yenye kibao cha kumkumbuka. Mzungumzaji wetu hakumdharau Livingstone, wala mimi simdharau. Lakini alitutaka tumtazame mtu aliyekuwa hatua chache nyuma yake. Katika msafara ule, pamoja na ngamia, nyati, nyumbu na punda ambao karibu wote waliishia njiani, alikuwamo kijana Myao aitwaye Chuma, ambaye mwaka 1861 alikuwa ameokolewa kutoka msafara wa watumwa. Ni Chuma na mwenzake Susi walioongoza wenzao kuubeba mwili wa Livingstone kutoka bara hadi Bagamoyo, walikofika mwaka 1874, na ni Chuma huyohuyo aliyeongoza msafara wa Steere mwaka mmoja baadaye. Joseph Thomson naye, msafiri kutoka Uskoti, alipotumwa na Sultani Barghash wa Unguja mwaka 1881 kutafuta makaa ya mawe upande wa Ruvuma, aliongozana na Chuma. Hebu msomaji afikirie: mtu aliyeanza kuzijua njia za kusini akiwa mtoto mateka, akaja kuwa kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, ambaye wageni hawakuthubutu kusafiri bila yeye. Katika mitihani yote niliyosahihisha, jina lake sikuliona zaidi ya mara tatu.

Nilipokuwa kijana sikufahamu kwamba hata maneno tunayoyasema kila siku yametoka njiani. Hongo, ambayo sasa ni jina la aibu na la kifungo, ilikuwa ushuru ambao msafara ulimlipa mtawala wa nchi ili upite kwa amani na upate maji na chakula. Aliyelipa hakuona haya, na aliyepokea alikuwa na wajibu wa kumlinda mlipaji. Machemba, yule kiongozi wa Wayao aliyekaa kwenye nyanda za Wamakonde na kufanya biashara na pwani, hakukataa biashara wala wageni, alikataa kuamriwa. Mwaka 1890 alimwandikia Hermann von Wissmann, mkuu wa utawala wa Wajerumani, barua kwa Kiswahili akimweleza kwamba haoni sababu ya kumtii, na Wajerumani wakahangaika naye hadi mwaka 1899, alipovuka Ruvuma kuingia upande wa Wareno, Msumbiji ya leo. Barua ile ilisomwa mezani kwetu kwa sauti, na nakwambia, Ndugu Mhariri, hakuna aliyegusa sahani yake hadi ilipokwisha.

Vita vya Maji Maji navyo haviwezi kueleweka bila njia. Pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima ilipong'olewa Nandete katika nchi ya Wamatumbi, mwishoni mwa Julai 1905, habari haikwenda kwa simu. Ilikwenda kwa miguu, kama dawa ya Kinjikitile Ngwale, maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi, ilivyokuwa imekwenda kwa miguu kutoka Ngarambe miezi iliyotangulia. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro tarehe 4 Agosti, wakidhani wamekata shina, na siku kumi tu baadaye Askofu Cassian Spiss na wenzake, waliokuwa wakitoka Kilwa kwenda bara, waliuawa Mikukuyumbu, sehemu za Liwale. Misheni ya Nyangao ilishambuliwa mwezi huohuo. Ukiichukua ramani na kuunganisha sehemu hizo kwa kalamu, utakuwa umechora sehemu kubwa ya njia za misafara bila kukusudia. Nilifanya hivyo na wanafunzi wangu mwaka mmoja kabla sijastaafu, na ninajuta kwamba nilichelewa kiasi hicho.

Sasa nifike kwenye lawama ya haki.

Msomaji mwenzangu aliandika kwamba meza yetu imewaacha nje watu ambao historia hiyo ni yao. Ni kweli, na ninao ushahidi kuliko yeye. Jioni tuliyozungumzia Tendaguru, mzungumzaji alikuwa amejiandaa vizuri. Alieleza jinsi mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alivyoiona mifupa ya ajabu, ya dinosaria, mwaka 1906. Jinsi makumbusho ya Berlin yalivyochimba kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, kazi yenyewe ikisimamiwa shimoni na Boheti bin Amrani. Jinsi mifupa hiyo, yenye uzito wa tani zaidi ya 200, ilivyofungashwa, mingine ikizungushiwa mianzi, na kubebwa na watu kwa zaidi ya kilomita 50 hadi Lindi ili ipakiwe melini. Alituonyesha picha ya mjusi mkubwa anayesimama Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13, tangu alipounganishwa mwaka 1937. Kisha akatandika ramani na kutuonyesha njia ya wapagazi, mstari ulionyooka kama uzi kutoka kilimani hadi baharini.

Mlangoni alikuwa amesimama mzee mmoja muuza samaki, aliyekuwa akimsubiri mwenye mgahawa amlipe fedha zake. Akasema kwa upole, "Wanangu, samahani. Njia haikupita hapo. Hapo hakuna maji." Tulimgeukia sote. Akaeleza kwamba baba yake alibeba mizigo ya Waingereza, ambao walikuja kuchimba kilima kilekile kuanzia mwaka 1924, na kwamba yeye mwenyewe alipokuwa mtoto aliifuata njia hiyo pamoja na baba yake wakipeleka chumvi na samaki wakavu vijijini. Njia ilipinda, akasema, kama nyoka aliyekanyagwa, kutoka kisima hadi kisima. Akavitaja. Alisema pia mahali ambapo wapagazi walichimba ming'oko porini chakula kilipopungua, na mti ambao chini yake hakuna aliyekubali kulala. Tulimpa kiti. Alizungumza karibu saa nzima, naye mzungumzaji wetu, kwa uungwana ambao nitamheshimu nao siku zote, alikunja ramani yake akaanza kuandika.

Yule mzee hakurudi tena. Nilipomfuata nyumbani baada ya miezi miwili kumuuliza, alinijibu kwamba hakutaka kula chakula ambacho hakukilipia, na shilingi 12,000 ilikuwa zaidi ya anachokipata siku nyingi. Nilikaa barazani kwake mpaka adhuhuri nikaandika katika daftari majina ya visima saba, kwa mpangilio, ambavyo vitatu kati yake sijavikuta katika ramani yoyote niliyowahi kuifungua. Penye wazee haliharibiki neno, tunasema. Nasi mzee tulimwacha mlangoni.

Kwa hiyo siandiki kuutetea ukumbi ule. Ninaitetea meza, na ninaomba meza ihame.

Nimependekeza kwa wanachama wenzangu, na sasa napendekeza hadharani ili tusiweze kurudi nyuma, kwamba kuanzia kiangazi kijacho mikutano yetu ifanyike juu ya njia zenyewe: Kilwa Kivinje, Nyangao, Masasi, Mikindani, na katika kijiji kimojawapo kilicho jirani na Tendaguru. Badala ya kila mtu kulipia sahani mgahawani, tuchange mchele, nazi na samaki, akina mama wa kijiji walipwe kwa kupika, na mwenyeji yeyote aliyetimiza miaka 70 aketi bila kuchangia chochote. Mgeni wa heshima awe yeye. Azungumze kwa lugha aliyoizoea, Kimwera, Kimakonde, Kiyao, Kimakua, Kingindo au Kimatumbi, na mmoja wetu atafsiri. Kwa maana nimeona mara nyingi mzee akilazimishwa kusimulia kwa Kiswahili cha mikutano, masimulizi yakakauka mdomoni mwake. Sisi wenye vitabu tuzungumze baada yake, tena kwa ufupi.

Najua ugumu mkubwa zaidi hautakuwa nauli. Utakuwa Kilwa Kivinje. Katika karne ya 19 mji ule ulikuwa bandari kuu ya kupeleka watumwa Unguja, na njia ya Kilwa kwenda Nyasa, aliyoifuata msafiri Mjerumani Albrecht Roscher kati ya Agosti na Novemba 1859 akiwa mgonjwa ndani ya msafara wa wafanyabiashara, ilikuwa barabara ya minyororo. Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa Juni 1873 wa kukataza watumwa kusafirishwa baharini, wafanyabiashara waliwapitisha nchi kavu kuelekea kaskazini, na Frederic Elton, afisa wa Kiingereza aliyekuwa akisafiri pwani hiyo mwishoni mwa mwaka huo, aliwahesabu njiani zaidi ya 4,000 katika muda wa mwezi mmoja hivi. Ilibidi amri nyingine itolewe mwaka 1876 ya kukataza misafara hiyo ya nchi kavu. Wajukuu wa waliofungwa na wajukuu wa waliofunga wanaishi leo mitaa ileile, wanaoana, wanazikana. Mwanachama mmoja wetu aliwahi kuomba kwamba tukifika hapo tuzungumzie pembe za ndovu na mpira, mengine tuyaache yapumzike.

Namheshimu sana, lakini sikubaliani naye. Tukiiacha habari hiyo haitapumzika. Itabaki katika minong'ono na matusi ya vijiweni, ambako mtu huambiwa asili yake wakati wa ugomvi. Kinachowezekana ni kuisimulia kwa adabu: kutotaja ukoo wa mtu yeyote aliye hai, kutomlazimisha mtu aseme ya kwao, na kukumbuka kwamba wengi waliouzwa walikuwa wameuzwa na jirani zao wenyewe, tena mara nyingine kwa sababu ya njaa. Nilipokuwa mwalimu nilikuwa na mwanafunzi aliyekuja kuniuliza baada ya kipindi, chumba kikiwa kitupu, kama ni dhambi kwamba bibi wa bibi yake alinunuliwa. Nilimjibu kwamba dhambi haikuwa ya bibi. Angestahili kulisikia jibu hilo mbele ya watu wazima wa mji wake, si pembeni na kwa sauti ya chini.

Ninalo pia neno kwa wenye mamlaka ya urithi wetu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na mabaki yaliyokuwapo kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye hayana budi kutangazwa rasmi ili yalindwe. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalikuwa na hifadhi hiyo, yakaingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na kwa juhudi kubwa yakatolewa humo mwaka 2014. Lakini kambi za misafara, visima, vivuko na miti ya mapumziko, ambavyo vingi vilitumika hasa baada ya 1863, havina ukuta wa mawe wa kuvisemea. Njia ya kati, ya Bagamoyo hadi Ujiji, imo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia iliyowasilishwa na nchi yetu tangu mwaka 2006, pamoja na vituo vyake kama Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara. Njia yetu ya kusini haijapata heshima ya namna hiyo. Sioni wivu kwa ndugu zetu wa Bagamoyo na Ujiji, naona mfano. Waliweza kwa sababu majina ya vituo yalikuwa yameandikwa. Ya kwetu bado yamo vichwani mwa watu wenye miaka 80, huku mashamba ya mikorosho yakipanuka, barabara zikiongezwa upana na visima vya zamani vikifukiwa kwa kuwa bomba limefika.

Wala tusidhani kwamba njia za historia ziliishia enzi ya wapagazi. Vijana wa chuo ndio waliotukumbusha kuhusu tuta la reli, ile iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, ikaunganisha Nachingwea na pwani, kisha ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadhi ya sehemu za tuta bado zinaonekana, na mtu anaweza kuzitembea kwa miguu siku nzima. Nachingwea hiyohiyo baadaye ikawa kambi ya wapiganaji wa Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, chini ya Samora Machel, ambaye Mei 1975 alianza msafara wake wa kutoka Ruvuma hadi Maputo kuelekea uhuru wa Msumbiji. Hapo wapo mashahidi walio hai, tena si wachache, na hawahitaji kutafsiriwa na yeyote. Hao nao tuwafuate kabla hatujaanza kulalamika kwamba wametuacha.

Chama chetu hakina fedha nyingi. Tunazo daftari nne zilizojaa, kinasa sauti kimoja, na wanachama ambao magoti yao bado yanakubali. Tumekubaliana kwamba kila mazungumzo yatanakiliwa mara tatu: nakala moja ibaki ofisi ya kijiji husika, ya pili iende shule iliyo karibu, ya tatu ihifadhiwe maktaba ya hapa mjini. Kama gazeti lako, Ndugu Mhariri, litakubali kuchapa muhtasari wa kila mkutano, hata kwa safu nusu, mzee aliyesimulia ataweza kusomewa maneno yake na wajukuu na kuyasahihisha pale tulipokosea kumsikia.

Wasomaji walio Mtama, Nyangao, Ndanda, Lukuledi, Liwale, Nanjilinji, Kivinje, Mikindani na Newala, ambao nyumbani kwao kuna mzee anayelijua jina la kisima, la kivuko au la mahali misafara ilipolala, naomba walipeleke kwa mwalimu wa historia wa shule ya jirani, limeandikwa pamoja na jina la aliyelitaja na umri wake. Mkutano wetu wa kwanza wa nje tumepanga kuufanya kijijini kwa yule muuza samaki. Nimekwenda kumwalika mwenyewe, na akaniuliza kama atatakiwa kuchanga. Nilimwambia kwamba samaki siku hiyo tutanunua kwake, kwa bei anayouza kila siku, na kwamba kiti chake kitakuwa cha kwanza kutoka mlangoni, upande wa ndani. Msomaji aliyetulaumu namkaribisha pia. Tutaondoka Lindi alfajiri, na sehemu ya mwisho, kutoka kisima cha tano hadi cha saba, tutakwenda kwa miguu.

Wako katika kuijenga nchi,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Lindi Mjini.